Memsabu Hayumo Ndani ya Kioo

Kwenye simu mzee alisema Memsabu wake ametoweka, kwa hiyo Ignace Cirhuza alifunga tai. Mke wa mtu akipotea, huendi kwake na jaketi la kulindia duka. Alipanda basi la hamsini kutoka Kings Heath, akakaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa, pale wanapogombania watoto wa shule, akawa anapanga maswali: mara ya mwisho alionekana wapi, alivaa nini, je, mligombana?

Nyumba ilikuwa nyuma ya kijiji cha Moseley, kubwa kama kanisa la misheni, matofali mekundu, bomba la moshi refu lisilotoa moshi. Aliyefungua alikuwa mzee wa Kisingasinga, kilemba cha buluu, sweta imeliwa na nondo kiwikoni, jicho moja limebandikwa kitambaa cha hospitali.

"Wewe ndiye Inspekta wa Bukavu?"

"Nilikuwa. Hapa nalinda duka la viatu."

"Bas, leo viatu vitajilinda. Ingia, ingia, joto linatoka."

Mzee Charanjit alimpitisha ukumbini. Milango ilikuwa mingi na yote imefungwa, na chini ya kila mmoja lilikuwa limesukumwa taulo kuziba baridi. Ni chumba cha nyuma tu kilichokuwa kinakaliwa. Kiti kimoja cha kuegemea. Kikombe kimoja. Televisheni imewashwa bila sauti, mtu wa hali ya hewa akionyesha Uingereza nzima imefunikwa wingu la Novemba, kana kwamba kuna asiyejua.

"Hapa ndipo alipokuwa akilala," mzee alisema.

Alinyoosha kidole kwenye kasha la kioo lililosimama juu ya meza. Ignace alitazama kasha. Akamtazama mzee. Polisi wa Bukavu hufundishwa mambo machache, na moja ni kutocheka mbele ya aliyefikwa na msiba.

"Memsabu alikuwa akilala humu?"

"Maisha yake yote."

"Alikuwa na kimo gani, Mzee?"

Mzee alitanua kiganja. "Hivi. Ukihesabu na miguu."

Ignace alilegeza tai.

Ukutani palikuwa na picha mbili. Moja ya mwanamke aliyevaa sari ya kijani, marehemu Nilam, mke wa mzee. Ya pili, kubwa zaidi, ilikuwa ya buibui. Buibui mwenye manyoya, wa kijivu, mgongoni ana nakshi kama jani lililokaushwa kitabuni, na chini ya miguu ya mbele rangi ya manjano kali, ile ya kumwambia adui kaa mbali.

"Nilam ndiye aliyempa jina," mzee alisema. "Alisema huyu anakaa tu, analetewa chakula, hasemi asante. Memsabu kamili, kama wale wake za walowezi tuliowakuta Nakuru. Hakumpenda. Lakini Nilam alipougua, alishinda mchana kutwa akimtazama Memsabu."

"Ni wa wapi?"

"Kabila lake ni Sri Lanka. Si India, si Maldivi. Kile kisiwa tu, ndani ya matundu ya miti ya msituni, na msitu wenyewe unakatwa. Yeye alizaliwa hapa hapa, kwa mfugaji. Nilimchukua akiwa kama punje ya dengu. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, Inspekta. Hapa Birmingham nikatengeneza mabasi. Bas, nikamfuga mmoja, nisisahau."

Birmingham hii ina chama cha kila mtu. Wabembe wana chama na Wabembe wengine wana chama cha kuwapinga wale. Wazanzibari wanacho, Masingasinga wa Nakuru wanacho na kina mweka hazina anayegombana na katibu. Memsabu peke yake ndiye aliyekuwa hana mtu wa kwao mji mzima.

"Nani ana ufunguo wa nyumba?"

"Mimi. Na Rosine, mama wa kea anayetumwa na ofisi kunitunza. Ndiyo maana nimekuita wewe na sikuita polisi. Nimeambiwa unawajua watu wenu."

Ignace alimjua Rosine. Waliimba kwaya moja Alum Rock, yeye besi mbovu, mama yule sauti ya kwanza. Alijua pia habari ambayo kanisa zima liliijua na kuiombea: binti yake, Léocadie, alibaki Bujumbura kwa shangazi, na karatasi za kumleta zilitaka kitu kimoja tu, kwamba mama awe na kazi na aendelee kuwa nayo.

"Ofisi yao itanipigia saa tisa," mzee alisema. "Niliwaambia kuna kitu kimepotea. Wakaniuliza: unamshuku mfanyakazi wetu? Nikasema ngojeni. Nikisema ndiyo, hafanyi kazi hii tena, kwangu wala kwa mtu mwingine. Najua ana mtoto. Sitaki kusema uongo juu ya mama wa mtu. Lakini Inspekta, sitaki pia kuchekwa ndani ya nyumba yangu."

"Kwa nini unamshuku yeye?"

"Nilipelekwa hospitali ghafla, jicho hili. Niliporudi, kioo kitupu. Namuuliza Rosine, Memsabu yuko wapi? Anaangalia viatu. Anasema, 'Tungoje mtoto wako aje, Mzee.' Mtoto wangu yuko Toronto! Na tangu hapo kila siku swali moja: leo kuna mgeni? Leo nani anakuja? Hakuna jirani anayepita? Nani huuliza hivyo, Inspekta? Mwizi. Anataka kujua nyumba iko tupu lini abebe na vingine."

Ignace alivua tai kabisa, akaiweka mfukoni, akainama mbele ya kasha.

Kufuli dogo la mlango wake lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulining'inia mahali pake, kwenye msumari jikoni. Hakuna kioo kilichopasuka, hakuna udongo uliomwagika. Gome la mti lililoonekana kwenye picha, kubwa na lenye uwazi katikati, halikuwemo.

"Nilikuwa nimelitoa kuliosha," mzee alisema. "Lilikuwa na ukungu. Lilikuwa linakauka bafuni waliponibeba."

"Kwa hiyo hakuwa na pa kujificha."

"Hakuwa napo. Nilijua nitalirudisha jioni ile."

Chini ya kasha kulikuwa na kimkeka cha umeme cha kumpa buibui joto. Ignace alikigusa. Baridi. Alifuata waya hadi ukutani: swichi imezimwa, na waya wenyewe umekunjwa vizuri, ukafungwa fundo.

"Wewe ndiye uliyeukunja?"

"Sikugusa kitu."

"Kibakuli chake cha maji kiko wapi?"

Walikikuta jikoni, kando ya sinki. Kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi juu ya kitambaa safi.

Ignace alikigeuza, akakirudisha kama kilivyokuwa. Mwizi wa nyoka, mwizi wa ndege, mwizi wa buibui, wote hao humchukua mnyama na mashine yake ya joto, maana bila joto wamebeba hasara. Na hajazaliwa mwizi anayeosha vyombo.

"Mzee, mbali na Rosine, kuna mtu mwingine aliyemtaka Memsabu?"

Mzee alifikiri. "Mkubwa. Mwenye duka la mijusi na samaki Alum Rock. Ndiye anayeniletea nyenje, chakula chake. Ana dume la kabila hilo hilo na mwaka mzima amekuwa akinibembeleza. 'Mzee, tuwaozeshe! Mzee, niuzie!' Nikamwambia Memsabu si wa kuuzwa."

"Alikuja lini mara ya mwisho?"

"Siku ile ile niliyobebwa," mzee alisema, na jicho lake zima likakua. "Asubuhi. Ambulensi ikiondoka nilimwona barabarani, na boksi mkononi."

*

Duka la Mkubwa lilibanwa kati ya duka la vitambaa vya harusi na duka la kuku wa kukaanga, na ukiingia hukujua harufu ipi ni ya nani. Ndani kulikuwa na joto la Unguja. Mijusi walilala chini ya taa kama watalii. Mkubwa mwenyewe, kofia ya mkono kichwani, alikuwa anamlisha samaki huku akimsema.

"Kula polepole wewe, hujafunga! Karibu, bwana. Unataka nini? Una uso wa mtu wa kobe."

"Nataka buibui wa Sri Lanka. Jike. Mkubwa."

"Mkubwa ni mie," akacheka peke yake. "Jike sina. Dume ninalo, lile kule pembeni, linapiga miguu chini usiku kucha kuita mchumba. Birmingham nzima halijapata jibu."

Ignace alitazama. Kwenye kasha la pembeni kabuibui ka kahawia, kembamba, kalikuwa kamesimama juu ya gome bila kutikisika.

"Jike la Mzee Charanjit limeibwa," alisema.

Mkubwa aliacha kulisha. "Memsabu? Wallahi?"

"Wewe ulikuwa pale asubuhi ile. Na boksi."

"Boksi la nyenje, yakhe! Nikapiga mlango, nikapiga, hakufungua mtu. Nikaziacha kizingitini, nikaondoka. Kumbe alikuwa ameshapelekwa hospitali, miye nikamnunia bure."

"Mwaka mzima unamtaka."

"Namtaka, sikatai. Mwite polisi, nitasema mbele yake, namtaka." Akaegemea kaunta. "Lakini hebu nikuulize, bwana mpelelezi. Nimngoje mwaka mzima, halafu nimuibe mwezi huu? Mzee mwenyewe aliniambia kwa simu, Memsabu kasusa chakula, tumbo limekuwa jeusi. Unajua maana yake?"

"Mgonjwa?"

"Anataka kujivua gamba. Anavua ngozi nzima, mpaka ya meno. Sasa ukimwozesha kabla, akijivua anaitupa na mbegu ya dume pamoja na ngozi. Harusi bure, mahari bure, na dume pengine kaliwa. Mwezi huu hata ukinipa simtaki. Nitamtaka mwezi ujao, keshavaa nguo mpya."

Ignace alikubali kwa kichwa. Utetezi mwingine hujengwa kwa mashahidi. Huu ulijengwa kwa tamaa, na tamaa haidanganyi kuhusu ratiba yake.

"Anajivuaje?"

"Hulala chali. Miguu juu, kimya, hatikisiki. Ukimwona utasema inna lillahi. Wateja wangu wapya wote hunipigia simu wakilia: Mkubwa, amekufa, rudisha pesa! Nawaambia, toka chumbani, funga mlango, usimguse. Wakati huo ni laini kama kiini cha yai. Mwache kwenye joto lake, atajitoa mwenyewe."

"Na akiguswa? Akipelekwa penye baridi?"

Mkubwa alirudi kwa samaki wake. Alinyunyiza chakula kidogo, akafuta mikono kwenye shati.

"Hakwami mtu nusu ya mlango akaishi," alisema. "Msalimie mzee. Mwambie nyenje za wiki hii ni zangu, asilipe."

*

Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mabomba ya moshi Ignace aliporudi Moseley. Mlango ulifunguliwa na Rosine, aproni kiunoni, kisu cha kumenyea mkononi.

"Papa Ignace! Unafanya nini huku? Mzee iko mugonjwa?"

"Mzee yuko wapi?"

"Amelala mu kiti yake. Pita mu jikoni, pole pole, usimuamushe."

Ignace alimfuata. Kulikuwa na sufuria moja ya viazi motoni na ya pili ya maharage, chakula cha familia ya watu wanane. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea tisa.

"Maman Rosine, kaa kwanza."

"Sina wakati ya kukaa, viazi biko mu moto."

"Nani alikufa mu hii nyumba?"

Kisu kilisimama. Rosine aligeuka taratibu, akatazama mlango wa chumba cha nyuma, akausukuma ule wa jikoni mpaka ukajifunga.

"Ulijua namna gani?"

"Uliosha kibakuli. Ulizima moto wake, ukakunja waya. Mtu hafanyi hivyo kwa aliyepotea. Anafanya hivyo kwa asiyerudi."

Rosine alikaa. Kisu aliendelea kukishika.

"Nilikuya asubui, siku ile bamemupeleka ku hospitali," alisema, sauti ya chini. "Nikamukuta amelala mugongo, maguu juu, ananyamaza ji! Nikagonga kioo. Nikamuita, Memsabu, Memsabu. Apana. Nikasema, eeh Mungu wangu, huyu mzee iko mu hospitali na jicho imefungwa, atarudia mu nyumba hii yote, na hata kale kanyama hakako."

"Aliporudi, kwa nini hukumwambia?"

"Peke yake?" Alimtazama Ignace kama mtu aliyesahau kusalimia. "Papa Ignace, weye uliona wapi? Mutu anaambiwa kifo akiwa peke yake, sawa vile mbuzi? Batu bakuye kwanza. Bakae. Mumoja amushike mukono. Kisha munasema. Nilingoya mutu akuye, basi."

"Na hakuja mtu."

"Mutoto yake iko Canada, anapigaka simu siku ya Mungu, dakika kidogo. Jirani ya huku hafunguake mulango. Jirani ya kule anasema hello na anakimbia. Kila siku minauliza, Mzee, leo kuna mugeni? Kila siku, apana. Na sasa ananiangalia vibaya. Najua anaaza nini. Ofisi itanifukuza, na mutoto wangu..." Akaanza tena kumenya kiazi kilichokwisha kumenywa.

"Ungeweza kumwambia tu, ukaokoa kazi."

"Na angebaki na nani jioni?"

Ignace alitazama maharage yakichemka.

"Mwili uko wapi?"

"Mwenye kufiwa hajaona, minaweza kuzika namna gani? Nilimulalisha vizuri." Alifungua mlango mdogo kando ya friji. Kilikuwa chumba cha kuwekea vyakula, cha kizamani, dirisha lake ni wavu tu bila kioo, na pumzi ya ndani ilitoka nyeupe. Kwenye rafu ya mawe kulikuwa na bati la biskuti. "Hapa kuko baridi. Asioze."

"Ulimleta humu lini?"

"Ile ile saa nilimukuta."

Ignace alilichukua bati, akawa amempa mgongo, akalifungua.

Memsabu alilala juu ya pamba, ndani ya leso nyeupe iliyopigwa pasi. Mgongo wake ulikuwa umefunguka kama kifuniko. Miguu miwili ya mbele ilikuwa imechomoka kutoka kwenye miguu ya zamani, mipya, imekwama katikati ya kutoka, na rangi yake ya manjano ilikuwa mbichi kuliko ile ya kwenye picha. Pamba chini yake ilikuwa imevutwa na kuchakurwa. Maiti haichakuri pamba.

Alilifunga.

"Iko vile nilimuacha?" Rosine aliuliza.

"Vile vile," Ignace alisema. "Vua aproni, Maman. Leo kuna mgeni."

*

Mzee Charanjit alizinduka alipoona viti viwili vya jikoni vimeletwa chumbani mwake. Ignace alikaa kulia. Rosine alikuwa amejifunga kitenge juu ya sare ya ofisi. Alikaa kushoto, akachukua mkono wa mzee, akaushika kwa mikono miwili.

"Mzee, umelala vizuri?"

"Nimelala. Kuna nini? Inspekta, umempata?"

"Mzee, ile chai ya asubui ulimaliza?" Rosine alisema.

"Nilimaliza."

"Mvua ya huku haina nguvu. Inanyesha tu bila sababu. Kwetu mvua ikinyesha, inanyesha. Mama yangu alipenda mvua. Alikuwa mutu ya kuchoka, mwisho, lakini alipenda mvua. Hata batu ya nguvu banachokaka, Mzee. Hata bale tunapenda sana."

Ignace alidhani mzee atafoka. Mzee hakufoka. Alikuwa amegeuza jicho lake zima na kumtazama mwanamke yule, na mkono wake haukujaribu kutoka.

"Nakuru," alisema polepole, "baba yangu alipofariki, mwalimu mkuu aliingia darasani kwangu. Akaniambia nitakurudisha nyumbani kwa gari. Njia nzima alinizungumzia bei ya mbolea. Nilidhani amerukwa na akili. Nilipoona viti uani kwetu, nikajua." Alivitazama viti vya jikoni. "Memsabu amekufa."

"Ndiyo, Mzee," Rosine alisema. "Pole sana. Pole."

"Bas. Ulikuwa unangoja viti."

"Nilingoya batu. Hawakukuya."

Mzee alitikisa kichwa mara nyingi. Kisha akaomba aletewe.

Ignace aliliweka bati magotini pake. Mzee alichukua kioo cha kukuzia kutoka kwenye mkono wa kiti, akafunua leso kwa ncha ya kidole, akainama. Akakaa ameinama. Mtu wa hali ya hewa kwenye televisheni alifungua na kufunga mdomo. Ignace alijua mzee anaangalia nini: mgongo uliofunguka, miguu mipya, pamba.

"Ulimkuta amelala chali," mzee alisema.

"Maguu juu, Mzee. Ananyamaza kabisa."

"Ukamhamisha."

"Ku baridi. Wewe umuone kwanza."

Mzee aliinua uso, lakini si kwa Rosine. Alimtazama Ignace, na Ignace hakukwepa. Palikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na kila mmoja aliona mwenzake ameliona.

Simu ililia.

Ilikuwa ukumbini. Mzee alisimama, akakataa kushikwa, akaenda akigusa ukuta. Rosine alibaki kwenye kiti cha jikoni, viganja vimetazama juu, midomo ikitembea bila sauti. Kupitia mlangoni Kiingereza cha mzee kilisikika vizuri, cha kimwalimu, kila neno na nukta yake.

"Ndiyo, ni mimi... Hapana, madam. Hakuna kilichoibwa. Kosa lilikuwa langu... Amekufa tu. Ndiyo, kipenzi changu... Uzee, madam, tutafika sote... Hapana, hapana, sitaki mwingine. Nataka huyu huyu. Andika hivyo: huyu huyu."

Rosine alifunika uso kwa kitenge.

Mzee alipokaa tena, Rosine aliuliza, "Mzee, alikufa na nini? Aliteseka?"

"Uzee," mzee alisema. "Alilala."

"Afazali," Rosine alisema, na akapumua mpaka mabega yakashuka. "Nilikuwa naogopa aliteseka."

Walimzika bustanini nyuma ya nyumba kabla giza halijashuka, Ignace akichimba kwa koleo la makaa kwa sababu hakuna aliyejua koleo la bustani liko wapi. Udongo ulikuwa mzito wa maji. Rosine aliimba ubeti mmoja, sauti ya kwanza, na Ignace akamharibia kwa besi. Mzee alisema Waheguru, jina la Mungu kwa Masingasinga, mara moja, akageuka. Kwenye dirisha la jirani pazia lilifunguka kidogo, likafungwa.

Rosine alipakua viazi na maharage, akasimama mpaka akaona wote wawili wanakula, kisha akavaa koti lake. Mzee mwingine alikuwa akimngoja Kings Heath.

"Kesho nitakuya mapema, Mzee. Usifunge na ile komeo ya juu."

"Sitafunga."

Walimsikiliza akishuka ngazi za mlangoni, viatu vyake vikipiga mbio kuelekea basi. Ignace aliweka sahani chini.

"Hajui," alisema.

"Hajui."

"Utamwambia? Ni haki yake, Mzee. Na siku moja atafanya kazi kwa mtu mwingine mwenye mdudu kama huyu."

Mzee Charanjit alisukuma kiazi kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine. Kitambaa cha jicho kilikuwa kimelowa, akakipapasa kukikaza.

"Anaishi na nani, huko Alum Rock?"

"Chumba kimoja juu ya duka. Peke yake."

"Bas," mzee alisema. "Tungoje binti yake afike."

Akamsogezea Ignace sufuria ya maharage, na Ignace akajipakulia tena.